Mkimbiaji wa Tano: Somo la Mbio za Nyika kwa Vyuo Vyetu

Tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wetu wa Singida na askari wa JWTZ, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia jijini Tokyo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, wakatenganishwa kwa sekunde 0.03 tu. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Simbu amekimbia chini ya mwavuli wa jeshi, kama Juma Ikangaa kabla yake. Je, chuo nacho kinaweza kumlea mkimbiaji? Historia inatuonyesha kwamba kinaweza.

Tuangalie Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, mpakani mwa Marekani na Mexico. Mwaka 1966, kikiwa bado kinaitwa Texas Western, kilitwaa ubingwa wa kikapu wa vyuo vya Marekani kwa kuwaanzisha wachezaji watano weusi kwenye fainali, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Miaka ya 1970 kocha wake wa riadha, Ted Banks, aligeukia Afrika Mashariki. Kutoka kwetu alikwenda Suleiman Nyambui, mwana wa Mara. Gidamis Shahanga, kutoka Hanang jirani zetu, naye alisoma hapo. Nyambui alishinda mita 10,000 za vyuo mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati ya safari hiyo akaipatia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, 1980. Timu ya chuo ilitwaa ubingwa wa mbio za nyika kila mwaka kuanzia 1978 hadi 1981.

Ubingwa huo wa timu hupatikanaje? Kila chuo huingiza wakimbiaji saba. Nafasi walizoshika watano wa kwanza hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Tuseme chuo kimoja kimeshika nafasi ya 1, 2, 3, 20 na 40: jumla ni 66. Kingine kimeshika ya 8, 10, 12, 14 na 16: jumla ni 60. Chuo cha pili kimeshinda, ingawa hakina hata mmoja katika saba bora. Aliyeamua matokeo ni mkimbiaji wa tano.

Mtume Paulo, katika sura ya 9 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, anataja mashindano ambamo mmoja tu hupokea tuzo. Lakini katika sura ya 12 anafundisha kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi. Mbio za nyika za timu zinazishika sura zote mbili: kila mmoja hukimbia kwa nguvu zake zote, na wote humsubiri wa tano.

Hapa ndipo penye kazi yetu. Kijana aliyeng'ara UMITASHUMTA na baadaye UMISSETA akifika chuoni mara nyingi hukuta michezo ni soka, mpira wa pete, wavu na kikapu. Asipoingia jeshini, miguu yake inastaafu akiwa na miaka ishirini. Wangapi tumewapoteza hivyo, hakuna anayewahesabu.

Mbio za nyika hazidai uwanja wa nyasi wala jukwaa. Zinadai vijana saba, njia ya vumbi, saa moja ya alfajiri na mlezi mwenye daftari la muda. Seminari inavyo vyote hivyo. Chuo cha uhasibu na cha ualimu vinavyo pia. Tukianza, tusihangaike kwanza kumtafuta Simbu mwingine. Tumtafute mkimbiaji wa tano, tumfanyishe mazoezi pamoja na wenzake, na kila mwezi tupime amesogea kiasi gani.