Baridi Yabisi ya Mikono na Uendeshaji wa Pikipiki

Katika maradhi yanayomfika mtu ambaye riziki yake imo mikononi mwake, ni machache yanayomdhoofisha polepole kama baridi yabisi ya vidole, na miongoni mwa waliofikwa nayo, dereva wa bodaboda anastahili kuangaliwa kwa jicho la pekee. Kwani pikipiki huiachia mikono karibu kazi yote, wa kushoto ukikamata klachi, wa kulia ukivuta mafuta na kushika breki ya mbele, na yote miwili ikipokea kishindo kila gurudumu liingiapo shimoni.

Yapasa kwanza kujua ni maradhi gani, maana jina hilo hufunika zaidi ya moja. Uko ugonjwa wa kulika kwa gegedu, ambao aghalabu huwajia waliokwisha vuka makamo, ukakaa katika shina la kidole gumba na katika viungo vya ncha za vidole, ukiacha vinundu vigumu. Huu huuma zaidi baada ya kazi na hupoa kwa mapumziko. Uko na ule ambao kinga ya mwili, iliyoumbwa itulinde, huugeukia utando wa viungo na kuushambulia: huweza kumpata hata kijana, hushika mikono yote miwili, na alama yake kubwa ni ukakamavu wa asubuhi unaodumu saa nzima au zaidi. Huu wa pili haungojeki, kwani usipotulizwa mapema kwa dawa zake hupotoa viungo visinyooke tena. Ama ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati, hasa usiku, huenda ikawa ni mshipa wa fahamu uliobanwa kifundoni, nao una tiba yake mbali.

Wengi husema upepo wa alfajiri ndio uliowaingia mifupani. Upepo huzidisha maumivu, na glavu ni jambo la busara, lakini sio asili ya maradhi.

Kukamata klachi huutesa mkono wenye maradhi kuliko kitendo kingine chochote, hasa katika foleni za mjini, kwa kuwa mkono unapobana, mzigo unaolifikia shina la gumba huwa mkubwa mara nyingi kuliko ule unaohisiwa vidoleni. Kwa hiyo fundi naye ana sehemu yake katika tiba: waya wa klachi ulioota kutu au kupinda hukifanya kishikio kiwe kizito, ilhali kuutia mafuta au kuubadilisha si gharama kubwa, kishikio nacho kielekezwe kifuate mstari wa mkono ili kifundo kisipinde, na mpini mwembamba uvishwe raba nene, ingawa mwenye kiganja kidogo aangalie kishikio kisije kikawa mbali naye. Magoti nayo yabane tangi, ili kifua kisiegemee mikononi.

Anayeweza kubadili chombo, na abadili. Honda Super Cub, iliyotolewa Japani mwaka 1958, haina kishikio cha klachi. Gia hubadilishwa kwa mguu na klachi hujiachia yenyewe, kwani ilikusudiwa hata mchukuzi wa vyakula aweze kuiendesha kwa mkono mmoja. Kwa mgonjwa wa mkono wa kushoto, chombo cha namna hiyo, au skuta ya otomatiki, nakihesabu kuwa bora kuliko dawa yoyote ya kuchua.

Nawahofia zaidi wanaomeza diklofenaki kila asubuhi bila kuuliza tabibu, kisha wakapanda pikipiki. Dawa hiyo ikizoewa huweza kutia vidonda tumboni na kudhuru figo, tena huyaficha maumivu huku kiungo kikiendelea kuharibika.

Basi kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, mgonjwa aikamate breki ya mbele mpaka mwisho, mara kadhaa. Vidole vikishindwa, siku hiyo asipakie abiria. Na kwa jamaa wanaomwona akishindwa kufungua kifuniko cha chupa wakati wa kifungua kinywa, ombi langu ni moja: mpelekeni hospitali akapimwe sasa, viungo vingali vinanyooka.