Ringi za Kawaida au za Kromu? Hesabu ya Mwenye Gari la Dizeli

Lori la Isuzu NQR likianza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu, mafundi wa Thika na Ruiru humpa mwenye gari njia mbili: ringi za pistoni za chuma cha kawaida, au zilizopakwa kromu. Bei ya dukani hudanganya, kwa sababu gharama kubwa iko kwenye kufungua injini.

Tuchukue mfano. Tuseme ujira wa fundi, gasketi na oili ni shilingi 30,000. Ringi za kawaida 8,000, za kromu 16,000. Utalipa 38,000 au 46,000. Za kawaida zikiisha mapema ukafungua tena, umefika 76,000, na hapo sijahesabu siku ambazo gari limelala gereji bila kuingiza hata shilingi.

Ringi ya juu ndiyo huteseka zaidi. Pistoni ikifika kileleni husita kabla ya kurudi, na papo hapo oili huwa nyembamba mno huku moto ukiwaka juu yake. Ongeza vumbi la machimbo ya mawe ya Ndarugo na la barabara za udongo mitaani: chembe za mchanga zikipenya filta, husugua ringi na silinda kama msasa. Kromu huvumilia msuguano huo vizuri. Zipo pia za molibdenamu, ambazo uso wake una vitundu vinavyoshika oili, hivyo hazikwaruzi silinda upesi injini ikichemka. Kwa lori la mawe, mimi ningenunua kromu bila kusita.

Hata hivyo, kromu haifai kila injini. Silinda iliyopakwa kromu isivalishwe ringi za kromu, zitakwaruzana. Na silinda ikiwa imelika, ringi ghali ni pesa za bure: badilisha slivu, pistoni na ringi pamoja. Simama hapo fundi anapoingiza ringi kwenye silinda, apime mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji na kuulinganisha na kitabu cha injini.

Jina la Kijapani kwenye boksi la ringi pekee halitoshi. Nunua kwa muuza spea atakayekuandikia risiti yenye namba ya spea na kukubali uirudishe spea isipotoshea.

Injini yako ikiwa bado nzima na una pesa za kitu kimoja tu mwezi huu, nunua filta mpya ya hewa, kisha kagua mpira wake usiwe umepasuka.