Mafuta Marefu Mwilini

Gogo refu haliingii lote mafigani. Mpishi hulikata kwanza. Mwili nao hufanya vivyo hivyo na mafuta.

Ndugu msomaji, mafuta ni kuni za mwili. Yameungwa kama mnyororo, na pingili zake huitwa kaboni. Mafuta mengi ya kupikia yana pingili 16 au 18. Hayo huenda moja kwa moja kwenye jiko la mwili, yakatupa nguvu. Lakini yako mafuta yenye pingili 22 na zaidi. Hayo hupelekwa kwanza kwenye vyumba vidogo sana viitwavyo peroksisomu. Humo hukatwa pingili mbili mbili mpaka yafupike.

Je, mlango wa vyumba hivyo ukiwa mbovu? Magogo hurundikana! Huo ni ugonjwa wa kurithi, nao ni wa nadra. Utando unaofunika mishipa ya fahamu huharibika, kama waya wa redio uliochunika mpira. Mtoto wa kiume aliyekuwa mzima huanza kutosikia vizuri, kujikwaa na kusahau masomo.

Lorenzo Odone alikuwa mtoto wa namna hiyo. Aliishi na wazazi wake Visiwa vya Komoro, kisha Marekani. Ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1984, hajatimiza miaka 6. Wazazi wake hawakuwa madaktari, lakini walikaa wakasoma vitabu vya utaalamu. Waligundua kuwa kumnyima mtoto mafuta hakutoshi, kwa sababu mwili wenyewe huunga mafuta marefu. Wakashirikiana na wataalamu, yakapatikana mafuta maalumu ya kuzuia kazi hiyo. Mafuta marefu yakapungua katika damu. Hata hivyo, ubongo uliokwisha kuharibika haukupona. Lorenzo alifariki mwaka 2008, akiwa na miaka 30.

Siku hizi madaktari wanaweza kumpandikiza mtoto uboho wa mtu mwingine. Lakini tiba hiyo husaidia ikifanywa mapema, kabla ubongo haujaharibika sana.

Basi tukumbuke mambo mawili. Kwanza, kasoro hii mara nyingi hutoka kwa mama, lakini mama hana kosa. Si laana, wala si uchawi. Pili, mtoto aliyekuwa akifanya vizuri shuleni akianza kurudi nyuma, usikimbilie fimbo. Huenda ni maradhi, haya au mengine. Mpeleke hospitali mapema.