Union Berlin: Uwanja Uliojengwa na Mashabiki Wenyewe

Tukizungumza soka ya Ujerumani, wenzangu wengi huanza na Dortmund na ule ukuta wake wa njano. Sikatai, watu karibu 25,000 waliosimama upande mmoja ni jambo la kutazamwa. Lakini uwanja unaonigusa mimi ni mdogo, uko Köpenick, kusini-mashariki mwa Berlin, pembeni mwa msitu. Jina lake ni Stadion An der Alten Försterei, yaani uwanja ulio penye nyumba ya zamani ya mlinzi wa msitu. Hapo ndipo nyumbani kwa Union Berlin.

Mwaka 2004 Union ilikuwa imefilisika nusu, leseni ya ligi iko hatarini. Ujerumani anayetoa damu huweza kulipwa kiasi kidogo. Basi mashabiki wakaenda kutoa damu, pesa wakaipelekea klabu. Damu yenyewe, si maneno.

Kufikia 2008 uwanja ulikuwa umechakaa na haukutimiza tena masharti ya ligi. Pesa za kuujenga upya hazikutosha. Zaidi ya watu 2,000 wakajitolea, mafundi na wengine ambao hawakuwa na ujuzi wowote wa ujenzi, wakafanya kazi saa 140,000 bila malipo. Ulipofunguliwa Julai 2009, mgeni alikuwa Hertha, jirani yao wa upande wa magharibi. Baadaye, 2011, wanachama waliuziwa hisa za uwanja, euro 500 kila moja.

Unaingiza watu takriban 22,000, na viti havifiki 4,000. Waliobaki husimama, na ndivyo wanavyotaka.

Klabu ilipopanda Bundesliga mara ya kwanza, 2019, mashabiki waliingia mechi ya ufunguzi na picha kubwa za jamaa zao waliofariki kabla ya kuiona siku hiyo. RB Leipzig iliwafunga 4-0. Sidhani kuna aliyekuja kwa ajili ya matokeo.

Mafanikio nayo yana gharama. Ligi ya Mabingwa ilipofika 2023, mechi za nyumbani zilihamishiwa Olympiastadion, anakocheza Hertha, panapoingia zaidi ya watu 70,000. Wanachama wengi zaidi walipata tiketi, lakini hawakuwa kwenye zege walilolimwaga wenyewe. Klabu imeshatangaza mpango wa kuupanua uwanja wa Köpenick, na ndani ya mpango huo sehemu kubwa bado ni ya kusimama.