Kabla ya Kumwita Fundi wa Jiko na Dohani



Mwezi wa saba ukifika, sisi tunaokaa pande za Limuru, Kinangop, Molo na Timboroa twajua maana ya baridi. Jioni watu hufunga madirisha, huziba nyufa kwa magunia, halafu huingiza jiko la makaa chumba cha kulala. Asubuhi jirani anabisha mlango na hakuna anayejibu. Habari za namna hii tumezisikia mara nyingi mno.

Ni nini kinachoua? Makaa yakiwaka penye hewa kidogo hutoa sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Ndani ya damu hujishika mahali pa oksijeni, tena kwa nguvu ya zaidi ya mara 200, hata mwili unakosa pumzi mtu akiwa usingizini. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika. Ukiziona, toeni watu wote nje upesi, kisha mwende hospitali. Wengine husema eti makaa yakishakuwa mekundu bila moshi hayana hatari. Si kweli! Jiko la makaa lisilale na watu.

Njia iliyo bora ni jiko la kuni lililojengwa kwa matofali na udongo, lenye dohani, au chimni kama wengi tunavyosema. Moshi na sumu hutoka nje, na matofali hubaki na joto. Lakini jiko lililojengwa vibaya hurudisha moshi ndani, na bomba likigusa mbao za paa laweza kuchoma nyumba. Basi swali ni hili: tumwite fundi gani?

1. Tazameni kazi, si maneno

Mwambieni fundi awapeleke kwenye nyumba mbili au tatu alizojenga kabla ya mvua zilizopita. Mkifika, mwulizeni mama mwenye jiko, si fundi. Moshi hurudi? Paa huvuja pale bomba linapopita? Jiko limepasuka? Fundi wa kweli hataogopa safari hiyo.

Kama ana cheti cha majaribio ya ufundi kutoka NITA, ni vizuri, kionyeshwe. Wako pia mafundi hodari waliojifunza kwa mikono tu. Hao kazi yao ndiyo cheti. Lakini kwa mambo ya stima msibahatishe. Anayeweka nyaya za hita, au kiyoyozi kwa ndugu zetu wa pwani, lazima awe na leseni ya EPRA. Ombeni kuiona.

2. Maswali ya kumwuliza

- Bomba litapanda mpaka wapi? Lizidi mgongo wa paa kwa futi mbili hivi, ama upepo utausukuma moshi ndani.
- Mbao zitakaa mbali na bomba kiasi gani? Zisiguse kamwe. Pawe na nafasi na kinga ya bati.
- Penye moto utatumia nini? Akisema simiti, fikirini tena, maana simiti hupasuka kwa moto mkali. Matofali ya kuchoma na udongo wa kichuguu hustahimili zaidi.
- Tutasubiri siku ngapi kabla ya kukoka moto mkubwa? Udongo wataka wiki mbili au tatu kukauka.
- Hewa safi itaingilia wapi? Hata penye dohani, tundu la hewa lisizibwe.
- Dohani itasafishwa vipi? Masizi yakijaa, njia ya moshi hufungika.

3. Andikeni mapatano

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari la kikundi, mwandike: majiko mangapi, nyumba za nani, siku ngapi, leba ni pesa ngapi, chakula cha mchana ni cha nani, na kosa likitokea nani atarekebisha. Fundi, mwenyekiti na mhazini watie sahihi mbele ya shahidi.

Vifaa mnunue wenyewe na mweke risiti. Fundi aandike orodha, lakini pesa za bomba na matofali zisipitie mkononi mwake.

4. Msilipe zote mara moja

Tuseme mna majiko 10, na leba ni shilingi 3,000 kwa kila moja. Jumla ni 30,000. Jengeni moja kwanza, mlilipe 3,000 likiisha. Lingojeni likauke, mliwashe. Likivuta moshi vizuri, endeleeni na 9 yaliyobaki, mkilipa 7,000 kila anapomaliza matatu. Hizo ni 21,000. Zinabaki 6,000, mtakazompa baada ya kupika mwezi mzima bila tatizo. Mkilipa kwa M-Pesa, mhazini asifute ujumbe.

Na nyinyi pia mwe waaminifu. Fundi ana watoto wa kulisha. Akimaliza sawasawa, alipwe siku ile ile, asizungushwe. Faida ya fundi wa karibu ni kwamba jiko likiharibika utampata kwa miguu, ila hatakuja kama mlimdhulumu. Mwombeni pia afundishe vijana wawili wa kikundi wakati wa kazi.

5. Akitoroka je?

Anzeni kwa mzee wa kijiji na chifu. Ikishindikana, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Hapo daftari lenu ndilo litakalosema.

Kumbukeni: cha rahisi ni ghali. Shilingi mia tano mliyopunguza kwa fundi asiyejua haitanunua uhai wa mtoto.

Maswali ya kujadili katika mkutano wenu

- Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi zinalala na jiko la makaa?
- Ni fundi gani wa hapa ambaye kazi yake tumeiona kwa macho?
- Nani ataweka daftari?