Sumukuvu: Jinsi Kuvu Inavyotengeneza Sumu na Namna ya Kuizuia

Mwaka 2016, kaya kadhaa katika mikoa ya Dodoma na Manyara zilifikwa na msiba baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa na sumukuvu aina ya aflatoksini. Watu wapatao 20 walifariki dunia. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, ambayo huishi udongoni na kushambulia mahindi na karanga. Makala haya yanaeleza inavyotengenezwa, ili mkazi wa kata afahamu kwa nini kinga huanzia shambani.

Kila kiumbe hufanya kazi zake kwa vimeng'enya, na kila kimeng'enya huundwa kwa maelekezo ya jeni. Kuvu hii ina koo mbalimbali za jeni. Ziko za amilase, inayogeuza wanga kuwa sukari. Za pektinase, inayolegeza kuta za seli za mmea. Na za protease, inayovunja protini. Kwa vimeng'enya hivyo kuvu hupenya ndani ya punje na kujilisha, hasa pale wadudu walipotoboa au ukame ulipodhoofisha mmea.

Kundi jingine, lenye jeni zipatazo 30 zilizokaa pamoja katika kromosomu moja, ndilo linalohusika na aflatoksini. Vimeng'enya vyake hupokezana kazi hatua kwa hatua. Kimoja muhimu kikikosekana, sumu haikamiliki. Ndiyo maana kati ya kuvu mbili zinazofanana kwa macho, moja huweza kuwa na sumu na nyingine isiwe nayo.

Udhaifu huo ndio uliowezesha kupatikana kwa Aflasafe, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018. Punje za mtama zisizoweza kuota hupakwa kuvu ya jamii ileile, ila isiyo na uwezo wa kutengeneza sumu kwa sababu jeni zake husika zina hitilafu au hazipo. Mkulima huzitawanya shambani, kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu hiyo hutangulia kushika nafasi na kuinyima makao ile yenye sumu.

Baada ya mavuno, wakazi wanashauriwa:

1. Kuanika mahindi juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo.
2. Kupima ukavu: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, funika, kisha tikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi hayajakauka.
3. Kuondoa punje zilizooza, zilizovunjika au zilizotobolewa.
4. Kuhifadhi magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

Ikumbukwe kwamba moto wa kupikia ugali hauiondoi sumu hii. Vilevile, kumlisha ng'ombe mahindi yaliyoota ukungu si suluhisho, kwani sumu hupita na kuingia katika maziwa. Kwa ushauri zaidi, mwone Afisa Ugani wa kata yako kabla ya msimu wa kupanda.