Mkate wa Mofa Wataka Unga Mpya

Mkulima wa Mpeketoni, upelekapo mtama mashineni, usisage debe zima. Saga wa juma moja tu.

Ndani ya kila punje mna kiini chenye mafuta. Viwanda vikubwa vya sembe huondoa kiini cha mahindi ili unga ukae dukani miezi mingi. Mashine ya kijijini husaga punje nzima, na hapo ndipo utamu ulipo. Lakini katika joto la Lamu mafuta yale huharibika upesi, unga ukawa mchungu. Tena mtama hauna mnato wa ngano wa kuinua mkate. Mkate wa mofa ni utamu wa unga wenyewe.

Kwanza kausha sawasawa. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, ungoje robo saa. Chumvi ikigandamana na chupa, anika tena. Punje zenye unyevu huota kuvu, na sumu yake haiondoki kwa moto wa mofa. Mwaka 2004 sumu hiyo, ikiwa katika mahindi, iliua watu 125 nchini Kenya. Punje zenye kuvu zifukie. Usiwape hata kuku.